Ng'wandu akikataliwa na fomu

Na Maduhu Shija

Vijana wa Kahama na Geita mnaotengeneza tovuti, nawapa jaribio la dakika moja. Fungua fomu ya usajili uliyomtengenezea mteja, iwe ya Saccos, ya shule au ya gesti, kisha jaza jina Ng'wandu. Ukibonyeza kutuma ukaletewa maandishi ya Kiingereza yanayotaja hifadhidata, usicheke. Mlango uko wazi.

Ile alama ndogo baada ya "Ng" ndiyo hiyo hiyo ambayo SQL, lugha ya hifadhidata, huitumia kufungia maandishi. Programu inaisoma, inadhani jina limeishia hapo, na "wandu" inaichukulia kama amri. Mzee Ng'wandu hana nia mbaya, anatafuta mkopo tu. Anayekuja nyuma yake ataandika amri ya kweli baada ya alama ile, na ataondoka na orodha nzima ya wanachama: namba za NIDA, simu, salio. Ujanja huu ulianikwa hadharani tangu 1998. Dawa yake ni kupeleka amri peke yake na jina peke yake, na lugha ya PHP imekuwa nayo kupitia PDO, kiunganishi chake cha hifadhidata, tangu 2005. Ni mistari michache. Lakini fundi wetu humjibu mteja: "Waambie waandike Ngwandu." Nao huandika! Kisukuma chote hiki kinapindishwa ili fundi asirudi kazini.

Wenye tovuti nao wasijifiche. Mwenye elusheni, mtambo wa kutoa dhahabu kwenye kaboni, humlipa mlinzi kila mwezi, na hatoki mtu na kaboni bila kupekuliwa. Tovuti yake huilipia mara moja, siku ya kukabidhiwa. Baada ya hapo hakuna wa kuweka masasisho ya WordPress, na nywila ya msimamizi inabaki ile aliyoiweka kijana ambaye siku hizi yuko Mwanza na hapokei simu. Wakati huohuo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakubana wewe uliyekusanya taarifa za watu, hata kama kazi ya kompyuta ulimwachia mwingine.

Kwa hiyo mkataba utaje malipo ya matunzo ya kila mwezi, nani anashika nywila, na nakala rudufu zinakaa wapi. Fundi akivikataa vipengele hivyo, tafuta mwingine.