Mvua, Baridi na Haki ya Punda



Mwezi huu twapenda kusema na wenye nyumba, na khasa vijana, juu ya jambo ambalo wengi hulidhani kuwa dogo, nalo ni hali ya mnyama wa kubeba mizigo wakati wa mvua na baridi. Farasi kwetu ni wachache, lakini punda yuko Lamu na Pate, yuko Limuru na Karatu, na nyumba nyingi hula kwa mgongo wake. Mchanga, mawe, maji na kuni yeye ndiye ayabebaye. Kisha masika yaingiapo huachwa nje usiku kucha akilowa, na mwenyewe amelala chini ya blanketi.

Watu husema ya kuwa punda hana baridi. Maneno haya hayana asili. Punda wa kufugwa atokana na punda-mwitu wa nchi kavu za Afrika ya kaskazini-mashariki, ambako mvua ni haba. Farasi huota manyoya mazito kipupwe kikaribiapo. Punda hafanyi hivyo. Uchunguzi uliotolewa Uingereza mwaka 2018 ulionyesha kuwa manyoya ya punda hayakubadilika sana baina ya majira ya joto na ya baridi, ilhali ya farasi yalizidi sana.

Na yafaa tufahamu namna baridi inavyomwingia. Manyoya makavu husimama na kushika hewa baina yake, na hewa hiyo ndiyo nguo ya mnyama. Yakilowa hulala juu ya ngozi, hewa ikatoka, na upepo ukachukua joto la mwili. Kwa hiyo mvua pamoja na upepo humdhuru hata siku ambayo sisi wenyewe hatuoni baridi kubwa.

La kwanza basi ni banda. Halihitaji fedha nyingi: miti, makuti au mabati, na kuta tatu. Huku pwani ukuta wa nyuma na uelekee upande utokako upepo wa kusi. Chini painuliwe ili maji yasituame, patandikwe nyasi kavu, na zilizolowa zitolewe kila siku. Juu iachwe nafasi ya hewa kupita, kwani harufu kali ya mkojo katika banda lililozibwa huharibu kifua cha mnyama.

La pili ni kumkausha. Arudipo amelowa, avuliwe shogi na soji mara moja, asiachwe nazo mgongoni. Asuguliwe kwa konzi ya nyasi kavu, mgongo, kifua na mbavu, mpaka manyoya yasimame. Akiwa bado ana unyevu, atandazwe nyasi kavu mgongoni na juu yake gunia kavu. Unyevu utapanda na kutoka. Akishakauka, gunia liondolewe. Kumfunika nailoni si huruma, kwa maana jasho hukosa pa kupita. Na gunia lililolowa ni baya kuliko kutofunikwa kabisa.

La tatu ni chakula. Nyasi kavu zinapochachuka ndani ya utumbo mkubwa hutoa joto mchana na usiku, kama jiko lililowekwa makaa. Punda wa kilo 150 yampasa apate nyasi kavu kilo 2 hadi 3 kwa siku, na baridi ikizidi aongezwe. Pumba na mahindi hayashiki mahali pa nyasi, na yakizidi humletea maradhi. Hali kadhalika majani mabichi ya mwanzo wa mvua apewe kidogo kidogo, asije akapata msokoto wa tumbo. Wala asinyimwe maji safi kwa kudhani kuwa kalowa kwa mvua. Asipokunywa, chakula hukwama tumboni.

La nne ni kwato na ngozi. Matope hukaa ndani ya ukwato, sehemu laini ya chini ikaoza na kunuka. Kila jioni kwato zichokolewe na kukaushwa. Na ngozi ikikaa na unyevu siku nyingi hufanya magaga yanayotoka pamoja na vishungi vya manyoya. Kijidudu cha maradhi haya kilielezwa mara ya kwanza katika nchi ya Kongo mwaka 1915, na jina lake la kitaalamu lilitokana na nchi hiyo. Magaga yasibanduliwe kwa nguvu, na mzigo usiwekwe juu yake mpaka ngozi ipone.

Jueni pia ya kuwa punda huficha maumivu. Hapigi kelele, husimama kimya, kichwa kimeinama. Mshikeni mashina ya masikio: yakiwa baridi sana, au akitetemeka, ameshadhurika. Na akikataa kula msingoje siku ya pili, kwa sababu mafuta ya mwili huweza kujaa katika damu yake yakamwua. Aitwe daktari wa mifugo.

Sasa twasema na wenye mali na vijana wao. Ada yetu imekuwa kwamba kijana hukabidhiwa punda kwa ujira, na safari ya mwisho ikiisha hesabu hufanywa, kila mtu akaenda kwao. Mwenye punda hudhani kijana atamtazama. Kijana hudhani si wake. Baina ya dhana hizi mbili mnyama hulala mvuani. Rai yetu ni kuwa jambo hili lipatanwe siku ya kwanza, pamoja na ujira: nani atamkausha, nani atamlisha, na kazi isihesabiwe kuwa imekwisha mpaka punda yuko bandani. Na mvua ikiwa kubwa, mzigo upunguzwe au safari iahirishwe. Faida ya safari moja hailingani na bei ya punda mwingine.

Mwenyezi Mungu amemtaja punda pamoja na farasi na baghala katika aya ya 8 ya Sura An-Nahl, akituhesabia neema zake. Na neema ina shukrani yake. Twajua sote habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, aliyemfungia bila ya kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Paka yule hakumbebea mzigo wowote. Je, huyu aliyebeba mawe ya nyumba zetu?

Kabla ya kufunga mlango usiku wa mvua, mtume mtoto akatazame banda, au nenda wewe mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.