Unga wa mkaa unakwaruza jino kiasi gani? Hakuna aliyeupima

Siku chache kabla ya Pasaka alikuja hospitalini kwetu binti wa kidato cha nne, mwenyeji wa mitelemko ya Mlima Meru. Hakuwa na homa wala jino lililotoboka. Shida yake ni kwamba akinywa maji ya baridi meno ya mbele yanamtia ganzi mpaka machozi yanamtoka. Tabibu wa meno alipomtazama akaniita nione. Katika kila jino, pale linapokutana na ufizi, palikuwa na mfereji, kama vile mtu amepitisha tupa. Nikamwuliza, "Mwanangu, unapiga mswaki kwa kitu gani?" Akainamisha kichwa. "Kwa unga wa mkaa, mama, na majivu. Tangu darasa la sita. Nilitaka yawe meupe kabla ya picha ya mahafali."

Meno yake ni ya kahawia, kama ya wengi huku kwetu. Sababu ni floridi iliyomo katika maji. Shirika la Afya Duniani limeshauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja, lakini chemchemi na visima vingi vya Arusha na vya Bonde la Ufa hupita kiwango hicho, vingine mara kadhaa. Mtoto akiyanywa wakati meno yake bado yanaundwa ndani ya taya, jino huota likiwa tayari na dosari. Rangi ile si uchafu uliogandamana juu. Imo ndani ya jino. Kuisugua ni kama kufua khanga ili maua yake yatoke: khanga itachanika kwanza.

Na jino huchanika vipi? Sehemu inayoonekana mdomoni imevikwa enameli, ambayo ni ngumu kuliko mfupa. Chini yake, na katika mzizi wote, kuna dentini, nayo ni laini zaidi. Wataalamu wa mawe hupanga ugumu kwa ngazi kutoka 1 hadi 10, ambapo almasi ni 10. Enameli iko karibu na 5, dentini karibu na 3. Chokaa inayotiwa katika baadhi ya dawa za meno ni 3. Mchanga mweupe ni 7. Kwa hiyo asuguaye meno kwa mchanga anakwaruza hata enameli yenyewe, na ufizi ukishasogea juu au chini na mzizi ukabaki wazi, huo hauna kinga.

Akina mama wengi huniambia, "Mimi naijaribu kwa ulimi, ikiwa laini natumia." Ulimi hauwezi kazi hiyo. Iko namna ya kupima, na ningependa uijue, maana inaonyesha wenzetu wa maabara wanavyojisumbua kwa kitu tunachokiona kidogo. Ilianza kujaribiwa Marekani miaka ya 1950, na mwaka 1976 mtaalamu aitwaye John Hefferren akachapisha utaratibu ambao maabara nyingi ziliufuata baadaye. Huchukua mizizi ya meno ya watu yaliyong'olewa, wakaipeleka kwenye kinu cha nyuklia ipigwe na nyutroni. Fosforasi iliyomo ndani ya jino huanza kutoa mionzi. Kisha vipande vinane hufungwa kwenye mashine ya miswaki. Kila mswaki hukandamiza kwa uzito wa gramu 150, ukienda na kurudi mara 1,500 ndani ya uji wa dawa ya meno na maji. Vumbi la jino linalokwanguka huingia katika ule uji pamoja na mionzi yake. Wakipima mionzi ya uji, wanajua jino limelika kiasi gani, hata kama jicho haliioni tofauti yoyote.

Halafu hulinganisha. Unga mmoja uitwao kalsiamu pirofosfati umepewa namba 100, na kila dawa hupata namba yake kwa kupimwa kando ya huo. Shirika la Kimataifa la Viwango limeweka mwisho uwe 250, yaani mara mbili na nusu ya ule unga wa kulinganishia. Si kazi ya kufanyiwa jikoni: mionzi ya fosforasi ile hupungua nusu kwa siku 14 hivi, kwa hiyo vipande havikai kabatini vikisubiri. Iko pia njia isiyo na mionzi, ambapo sindano nyembamba hupitishwa juu ya jino kabla na baada ya kusuguliwa ili kupima kina cha shimo.

Sasa nitoe maoni yangu. Namba hiyo ingechapwa kwenye boksi. Nimesoma maboksi mengi dukani, mbele na nyuma, mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimetumwa na serikali. Nimeona meupe, mnanaa, ulinzi wa saa 12, picha za familia zinazocheka. Namba ya ukwaruzaji sijaiona. Wapo wanaosema namba itawababaisha watu: kwamba dawa ya 80 na ya 120 zote ni salama, kwamba maabara mbili zinaweza kuipa dawa moja namba tofauti, na kwamba mkono mzito huharibu zaidi ya dawa yenyewe. Nakubali yote hayo. Lakini bibi wa miaka 65 ambaye mizizi yake yote iko nje ana haki ya kujua kama anachopaka ni cha 60 au cha 200. Tunamwandikia tarehe ya mwisho ya biskuti, kwa nini hili tumfiche?

Kinachoniuma zaidi ni unga usio na boksi kabisa. Unga wa mkaa unaouzwa sokoni katika vichupa, na siku hizi unaotangazwa kwenye simu za vijana kuwa unang'arisha meno, ulipimwa na nani? Mkaa ukitwangwa kinuni chembe zake hazilingani. Nyingine ni vumbi, nyingine ni kokoto. Majivu hutegemea kuni iliyochomwa na mchanga uliozolewa nayo jikoni. Kichupa cha leo si sawa na cha juzi. Na hata ungekuwa laini kama poda ya mtoto, hauna floridi ya kuzuia meno yasioze.

Hapa lazima nikiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikiwa mwanafunzi wa uuguzi, nilizunguka shule za msingi nikifundisha usafi wa kinywa. Nyumba nyingi hazikuwa na fedha ya dawa ya meno, nami nikawaambia watoto watwange mkaa. Nilikuwa na picha ya ukutani niliyoichora mwenyewe, yenye kinu na mchi, na nikajisifu nayo. Baadhi ya watoto wale leo ni wazazi. Sijui ni wangapi waliendelea, na huenda mama yake yule binti alinisikiliza.

Nisingesema vile leo. Ningesema: mswaki laini wenye maji matupu, au mswaki wa mti uliotafunwa vizuri, ni bora kuliko mkaa, kwa sababu mswaki peke yake hukwaruza jino kidogo sana. Mwenye fedha kidogo anunue dawa ya kawaida yenye floridi, ambayo mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu. Kiasi cha punje ya harage kinamtosha mtu mzima, na cha punje ya mchele mtoto chini ya miaka mitatu. Shika mswaki kwa vidole kama kalamu, si kwa ngumi. Ukitoka kunywa soda au maji ya ndimu, subiri nusu saa, maana asidi huilainisha enameli. Wengine huniuliza kuhusu magadi ya kupikia maharage. Hayo si bikaboneti ya dukani, na magadi mengine yana floridi nyingi, kwa hiyo yaacheni.

Mtauliza, kama floridi imetuharibia meno, kwa nini tena tuipake? Iliyoharibu ni ile iliyomezwa na mtoto kila siku kwa miaka. Ya dawa hutemwa. Msimamieni mtoto mpaka ajue kutema.

Yule binti tabibu alimziba ile mifereji na ganzi imepungua. Rangi ya kahawia ipo, na picha ya mahafali alipiga mdomo umefungwa. Ana mdogo wake wa miaka miwili. Nimemwambia mama yao wakinge maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na uji wa mtoto huyo, na kile kichupa cha unga nimebaki nacho mimi.