Kibanda kwenye baridi ya Minnesota
Kila Septemba au Oktoba, vibanda huchomoza nyuma ya nyumba za St. Louis Park, kitongoji cha Minneapolis chenye Wayahudi wengi. Ni Sukkot, Sikukuu ya Vibanda: siku 7 za kushukuru kwa mavuno na kukumbuka safari ya Waisraeli jangwani. Paa ni matawi, na nyota zapaswa kuonekana.

Watu hula wamevaa makoti, supu ikipoa upesi. Sheria ya dini nayo ina huruma: mvua ikiharibu chakula, ruksa kuingia ndani.

Kuti la mtende na tunda la jamii ya ndimu vya ibada ya sikukuu huagizwa kutoka mbali. Gharama ya bure? Hasha, kwani sikukuu hii huwakutanisha watu: desturi ya kualika wageni kibandani inaufaa hasa mji ambao baridi itawafungia majirani ndani kwa miezi.