Yafuteni Maneno "Kisa cha Kweli"

Wasomaji wetu wa riwaya pendwa wana sifa moja wanayoiweka juu ya nyingine zote: "Hiki ni kisa cha kweli." Nimeisikia Ujiji na Mwanga, kwa vijana wanaonunua sura baada ya sura, kupitia WhatsApp, habari za binti anayependwa na kijana mtanashati ambaye usiku hugeuka chui. Lugha hawaitaji, msuko hawautaji. Watunzi nao, kwa kulijua soko, huyabandika maneno hayo juu ya sura ya kwanza.

Ninayapinga maneno hayo, si riwaya zenyewe. Wako wanataaluma wenzangu wanaoziita takataka zilizoigwa kutoka filamu za Marekani. Wamesahau walikolelewa. Binti aliyewakataa wachumba wote wa kijijini, akaolewa na mgeni mzuri kumbe ni fisi, ni hadithi ya bibi zetu. Watunzi wa leo wamebadili jambo moja, nalo si dogo: binti wa bibi alikimbia alipouona mkia, binti wao hubaki na kuuliza, "Mbona hukuniambia?" Nakiri kwamba swali hilo liliwahi kuninyima usingizi ndani ya treni, kutoka Kigoma hadi Tabora.

Lakini hadithi ya bibi ilikuwa na mlango. Alisema "Paukwa", tukajibu "Pakawa", na kila mtoto akajua ameingia mahali ambapo fisi huoa. "Kisa cha kweli" huuvunja mlango huo, na katika mkoa huu madhara yake yana majina ya watu. Kamchape huingia vijijini wakijidai kufichua wachawi. Wazee hudhalilishwa, nyumba huharibiwa, familia huhama. Mtuhumiwa haulizwi kwa nini hakusema. Hukumu imekwisha kutoka. Sidai kwamba riwaya ndizo zilizowazaa kamchape, maana wao ni wakongwe kuliko simu. Nadai kwamba anayeuza kugeuka chui kama habari iliyotokea huwapa ushahidi wasioweza kuupata kwingine.

Tuliwahi kuona ushahidi wa namna hiyo ulivyowafaa wauaji. Singida, katika miaka ya 1940, watu waliuawa na vifo vyao vikahesabiwa kuwa kazi ya simba, au ya watu wenye uwezo wa kuwa simba. Uchunguzi ulipofanyika walipatikana wanadamu, wenye mikono na sababu za kibinadamu. Imani kwamba mtu hugeuka mnyama ilikuwa maficho yao.

Mtunzi mmoja aliniambia kwamba bila maneno yale hatauza. Nikamkumbusha Ben Mtobwa, mwana wa Kigoma hii hii. Joram Kiango wake alipendwa na wasomaji wa nchi nzima, wakamfuata kitabu hadi kitabu, na sikumbuki yeyote aliyedai kuapishwa kwanza kwamba Joram yupo. Walimtaka kwa sababu aliandikwa vizuri. Mtunzi yule alinyamaza kidogo, kisha akasema Mtobwa hakuwa akishindana na watu mia wanaotuma sura kila jioni. Hilo ni kweli, na sina jibu lake la kibiashara. Nilichomwomba ni kwamba kabla ya kutuma sura ya kesho, amfikirie bibi mmoja mwenye macho mekundu katika kijiji chake mwenyewe.