Baiskeli ya Katekista na Barabara ya Kwenda Lindi

Siku hizi inasemwa sana, hata na sisi tunaojiandaa kwa upadre, kwamba baiskeli imepitwa na wakati, kwamba ni chombo cha mzee aliyeshindwa kununua pikipiki. Sisi hatukubali. Likizo ya mwezi wa sita tuliendesha baiskeli kutoka Nachingwea hadi Lindi mjini, tukipitia Ruangwa, Nanganga, Nyangao na Mtama. Tulikuwa wawili: mmoja wetu mseminari, mwingine mkulima wa ufuta na Mwislamu, marafiki tangu tulipokaa dawati moja sekondari. Tulitumia siku tatu. Tuliyoyaona huko ndiyo yanayotufanya tuandike.

Anayesema anaijua njia ya Nachingwea kwenda Ruangwa kwa sababu aliipita ndani ya gari lililofungwa vioo, ameona vumbi tu. Mwezi wa sita ni msimu wa ufuta. Mashambani mafungu yake yamesimamishwa yakauke, na asubuhi njia nzima ina watu wanaosukuma baiskeli zenye magunia kwenye keria, wakielekea ghala la chama cha msingi kusubiri mnada. Hawapandi, wanasukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine ukishika gunia lisilale. Ufuta huo ukishauzwa chini ya RUNALI, chama kikuu ambacho jina lake limefumwa kutoka Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huondoka kwa malori na kuhesabiwa kwa tani. Lakini kilomita zake za kwanza, kutoka shambani hadi ghalani, nyingi zimebebwa na magurudumu mawili. Hilo haliandikwi kwenye hesabu yoyote.

Nachingwea inapaswa kulielewa jambo hili kuliko wilaya nyingine yoyote. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Walileta matrekta, wakang'oa misitu, wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kufika Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, hasara ikiwa kama pauni milioni 36, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli ikafungwa. Hatusemi mambo makubwa ni mabaya. Reli ingekuwepo leo tungeipanda kwa furaha. Tunasema tu kwamba vilipoondoka vyote hivyo, mkulima alibaki na jembe na baiskeli, na watu hawakufa njaa.

Sasa tuje nyumbani kwetu, kwenye Kanisa.

Katika kijiji kimoja kati ya Ruangwa na Nanganga tulilala kwa katekista. Tulimsalimia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba wanangu, karibuni, msimame kidogo niwafukuzie mbwa." Anahudumia vigango vitatu. Jumapili moja anaongoza ibada hapa, nyingine kule, na katikati ya juma anafundisha wakatekumeni, anatembelea wagonjwa na kuzika. Baiskeli yake tuliiona imeegemea mwembe. Tairi la nyuma limepasuka ubavuni na limeshonwa kwa uzi wa katani, kisha kipande cha tairi kuukuu kimewekwa ndani ili tyubu isitokeze. Breki ya nyuma hakuna. Anasimamisha kwa kandambili. Rafiki yetu mkulima, ambaye si muumini wa dini yetu, ndiye aliyeuliza swali ambalo mseminari alipaswa kuwa wa kwanza kuliuliza: "Mzee, hili tairi parokia hawalijui?" Mzee akacheka, akasema parokia wana mambo mengi.

Ni kweli wana mambo mengi. Mojawapo ni mchango wa gari. Waamini wengi wetu tumezoea kusikia tangazo la mchango wa gari la paroko baada ya komunyo, Jumapili hata Jumapili, na mnada wa kuku na mihogo unaofuata. Hatulipingi gari. Parokia za Kusini ni kubwa, mgonjwa anayehitaji mpako usiku wa manane hawezi kusubiri padre anayekanyaga pedali, na mama mwenye uchungu wa uzazi mara nyingi hukimbizwa hospitali na gari hilohilo la padre. Lakini tujiulize kwa unyofu, ni lini tulisikia tangazo la mchango wa tairi la katekista? Jimbo letu lilipoundwa mwaka 1963, likiitwa Nachingwea kabla ya kuitwa Lindi mwaka 1986, Injili haikusubiri magari ya kutosha. Ilifikishwa vigangoni na watu waliotembea na walioendesha baiskeli, na wengi wao hawakuwa mapadre.

Wapo watakaosema wapewe pikipiki. Pikipiki inataka petroli kila wiki, na katekista halipwi mshahara wa petroli. Ikiharibika hukaa nyuma ya nyumba, imefunikwa turubai, miezi na miezi. Baiskeli ikiharibika hutengenezwa chini ya mti. Pale Mtama cheni yetu ilikatika. Fundi aliyetutengenezea, mzee wa Kimwera mwenye kofia, alitumia msumari, nyundo na jiwe, akakataa pesa yetu alipojua tunakwenda hadi baharini. Alitutaka tu tumsalimie nduguye Mingoyo, jambo tulilolifanya.

Lipo jambo jingine, nalo ni zito zaidi. Kuanzia Nanganga, kwenye lami kuu ya Masasi kwenda Lindi, hofu iliingia. Kila basi lilipopiga honi nyuma yetu tuliruka kwenye mchanga. Ukingo wa lami uko juu ya udongo, na mwenye gunia la kilo mia hawezi kuruka kama sisi. Anabaki barabarani akiomba Mungu dereva awe amelala vizuri. Lami tunaishukuru, iliombwa miaka mingi. Lakini barabara inayojengwa Kusini, ambako wengi wanaoipita hawana injini, ijengewe bega pana lililoshindiliwa sawa na lami, angalau karibu na vijiji, masoko na maghala. Wahandisi wanajua kulijenga. Linalokosekana ni watu wa kulidai, na anayesukuma gunia hana muda wa kwenda vikaoni.

Sisi tunao muda. Halmashauri za walei hukaa kupanga bajeti ya mwaka unaofuata. Tunaomba katika bajeti hiyo uwepo mstari mmoja ulioandikwa "baiskeli za makatekista": tairi mbili, tyubu mbili, cheni na breki kwa kila kigango, kila mwaka, bila katekista kuomba. Na wenzetu mseminarini, mtakapokwenda mwaka wa uchungaji, msianze kwa kuuliza gari lipo wapi. Mwulizeni katekista baiskeli yake ikoje, kisha mwombeni awapeleke kigango cha mbali kuliko vyote, yeye mbele na ninyi nyuma.