Vidonge vya damu na dawa ya thairoidi vipishane

Mama anayetumia levothairoksini kwa sababu tezi yake ya thairoidi imelegea akipata ujauzito, kliniki humpa pia vidonge vya kuongeza damu, na hapo ndipo shida huanzia, kwa kuwa wengi humeza vyote asubuhi kwa funda moja la maji. Madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge hivyo vya damu hushikamana na levothairoksini tumboni, sehemu yake ikapita bila kufyonzwa. Kalsiamu nayo hufanya vivyo hivyo. Mgonjwa huendelea kuchoka na kuhisi baridi, kipimo cha TSH, homoni inayoichochea tezi hiyo, hupanda, dozi huongezwa, kumbe huenda kilichokosewa ni saa ya kumeza tu. Kwa wajawazito jambo hili linaniuma zaidi, maana katika miezi ya mwanzo ubongo wa mtoto hutegemea homoni ya mama yake. Dawa ya thairoidi inywewe kwa maji matupu kabla ya kula chochote, chai isubiri nusu saa hadi saa nzima, na zipite angalau saa 4 ndipo vifuate vidonge vya chuma au kalsiamu. Bayotini, inayouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, ina balaa jingine: haizuii dawa, ila huweza kupotosha majibu ya maabara, kwa hiyo mwambie daktari kabla hujatolewa damu. Wauguzi na wafamasia, muulizeni mgonjwa anameza nini kingine nyumbani. Nawe dada, usiviache vidonge vya damu, vipangie saa yake.