Mwenye studio au banda la gemu, uliza aina ya kioo kabla ya inchi

ANAYEFUNGUA banda la gemu na anayefungua ofisi ya kuchora lebo na mabango huanzia mahali pamoja. Wote huenda Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, wakauliza bei ya monita, kisha wakauliza ni inchi ngapi. Wakisharidhika na hayo mawili, wanalipa.

Inchi humweleza mnunuzi ukubwa wa kioo tu. Hazimwelezi kama nyekundu anayoiona ndiyo nyekundu itakayotoka kwenye mashine ya kuchapa, wala kama vijana wanne waliobanana kwenye benchi moja wataiona picha ile ile.

Msomaji ambaye ni mkulima anaweza kusema hayo ni mambo ya mjini. Hata hivyo, mkulima anayefungasha asali, unga wa lishe, pilipili ya kusaga au mafuta ya alizeti hauzi tena bidhaa peke yake. Anauza na lebo yake, na lebo hiyo hutengenezwa kwenye kioo cha mtu mwingine.

Chukulia mfugaji nyuki aliyeagiza lebo 2,000. Mchoraji anamwonyesha kazi kwenye kompyuta, rangi ya dhahabu inang'aa, mteja anasema sawa. Lebo zinaporudi kutoka kwa mchapaji, dhahabu imekuwa kahawia ya sukari guru. Mchoraji anamlaumu mchapaji, mchapaji anasema amechapa alicholetewa, na hasara inamwangukia mwenye asali kwa sababu ndiye aliyetazama kioo na kukubali.

Si kila kosa la namna hiyo linatokana na kioo. Wino, karatasi na namna faili lilivyoandaliwa navyo vina sehemu yake. Lakini kioo ndicho kinachokuja kwanza, na kikidanganya, hakuna anayefuata anayeweza kujua ukweli ulikuwa upi.

Monita bapa nyingi zilizoko sokoni hufanya kazi kwa namna moja. Nyuma kuna taa, mbele kuna vioo viwili vyembamba, na katikati kuna fuwele za majimaji ambazo hugeuzwa kwa umeme ili kuruhusu au kuzuia mwanga. Tofauti kati ya aina na aina iko katika namna fuwele hizo zinavyogeuka.

Aina ya zamani na rahisi ni TN. Fuwele zake hujisokota na kujinyoosha, jambo linalofanyika haraka, ndiyo maana wacheza gemu wa mashindano waliipenda kwa miaka mingi. Kasoro yake ni kwamba picha hubadilika kulingana na mahali ulipokaa. Ukitazama kutoka chini rangi hugeuka na kuwa nyeusi, na ukitazama kutoka juu hupauka.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Vioo vingi vya TN vya bei ya chini vina uwezo halisi wa rangi 262,144 tu, kisha hutumia ujanja wa kuchanganya nukta ili ionekane kuna rangi milioni 16.7. Kwa kuandika barua hutaona tofauti. Kwa picha ya ngozi ya bibi harusi, utaiona.

IPS ilianza kuuzwa na kampuni ya Hitachi ya Japani mwaka 1996, kwa lengo la kuondoa kasoro hiyo ya kutazama kwa upande. Fuwele zake hugeuka zikiwa zimelala sambamba na kioo, hivyo aliyekaa kando huona karibu sawa na aliyekaa katikati. Rangi zake hutulia, na ndiyo maana wapiga picha na wachoraji waliikimbilia. Udhaifu wake ni weusi. Ukizima taa chumbani, nyeusi ya IPS huonekana kama kijivu, kwa kuwa kwa kawaida weupe wake huzidi weusi mara 1,000 hivi.

VA ipo katikati ya hizo mbili. Weusi wake ni mzito, mara 3,000 au zaidi kwa kipimo hicho hicho, na anayetazama filamu usiku ataifurahia. Ila vitu vinavyokimbia kwenye giza huacha mkia kama moshi, na rangi zake hufifia kidogo ukikaa pembeni.

Sasa tuje kwenye banda la gemu, ambako fedha nyingi hupotea bila sababu.

Siku hizi maboksi ya monita hujigamba kwa hezi, zile Hz 144, 165 au 240. Maana yake ni idadi ya picha ambazo kioo kinaweza kuonyesha kwa sekunde moja. Kwenye Hz 60 kila picha hukaa takriban milisekunde 16.7, na kwenye Hz 144 hukaa takriban 6.9. Kwa mwenye kompyuta yenye nguvu, tofauti hiyo ni ya kweli.

Lakini mabanda mengi hayatumii kompyuta. Yanatumia PlayStation 3, iliyotoka mwaka 2006, au PlayStation 4 ya mwaka 2013, na mashine zote hizo hazivuki Hz 60. Mwenye banda anayenunua kioo cha Hz 144 kwa ajili ya PlayStation 4 amenunua gari la mbio la kupita kwenye barabara ya matuta. PlayStation 5, iliyotoka mwaka 2020, inafika 120, tena si kwa kila gemu.

Fedha hiyo ya ziada ingekuwa na faida zaidi kwenye aina ya kioo. Banda lina wachezaji wawili na watazamaji sita, wengine wamesimama mlangoni, na watazamaji hao ndio wateja wa saa inayofuata. TN iliyotundikwa juu ukutani itawaonyesha uwanja mweusi. Hapo IPS ndiyo chaguo, na kwa kuwa gemu inayochezwa zaidi ni soka kwenye nyasi zenye mwanga, udhaifu wake wa weusi hautaonekana. VA nayo inafaa mradi watu wakae karibu na katikati.

Na ile hoja ya kwamba IPS ni nzito kwa gemu imekwisha. Mwaka 2019 kampuni ya LG ilitoa monita ya IPS iliyotangazwa kubadilika kwa milisekunde 1, na wengine wakafuata. Namba hizo za kwenye boksi hupimwa katika hali inayompendeza mtengenezaji, hivyo zisimfanye mtu apagawe, lakini mwelekeo ni wa kweli na TN imepoteza sababu yake kubwa ya kununuliwa.

Kuhusu bei, mnunuzi anapaswa kuelewa kilichotokea viwandani. Kuanzia katikati ya mwaka 2020 bei ya vioo ilipanda, kwani watu duniani kote walifanya kazi na kusomea nyumbani kutokana na Covid-19. Kufikia 2022 ilikuwa imeporomoka.

Mwaka huo huo Samsung iliacha kutengeneza vioo vya fuwele. Mwaka 2024 kiwanda cha Sharp kilichoko Sakai, Japani, kiliacha kutengeneza vioo vikubwa vya televisheni, na mwaka 2025 LG ilikamilisha kuiuzia kampuni ya TCL ya China kiwanda chake cha Guangzhou. Kazi hiyo sasa imeshikwa zaidi na Wachina.

Kwa mfanyabiashara mdogo, maana ya hayo ni kwamba jina lililoandikwa kwenye fremu halimwelezi tena kioo kilitoka wapi. Zipo hata monita za toleo moja, jina moja na boksi moja, ambazo ndani zina vioo vya viwanda tofauti. Kulipa zaidi kwa ajili ya jina pekee ni kulipia plastiki.

Ipo pia aina mpya, OLED, ambayo haina taa ya nyuma kwa kuwa kila nukta hujiwakia yenyewe. Weusi wake ni weusi kamili na wepesi wake hauna mpinzani. Tatizo ni kwamba kitu kisichosogea kikikaa muda mrefu huacha alama ya kudumu. Banda linaloonyesha soka kutwa nzima, matokeo na dakika zikiwa kwenye kona ile ile, litaharibu kioo hicho. Mchoraji ambaye vitufe vya programu yake havihami upande wa kushoto naye ajihadhari. Kwa bei yake ya sasa, si mali ya kukopea.

Mchoraji wa lebo na mpiga picha watafute IPS inayotaja kuwa inafikia asilimia 100 ya sRGB au karibu na hapo. Wanaonunua kompyuta za mapajani waangalie pia maneno asilimia 45 NTSC. Ukiyaona hayo, rangi zimepauka kabla hujaanza kazi.

Baada ya kununua, punguza mwanga. Wengi huacha monita kwenye mwanga wa juu kabisa, wanachora lebo iking'aa, kisha wanashangaa karatasi inatoka na giza. Karatasi haina taa ndani yake. Na kabla ya kuchapa lebo 2,000, chapa moja, uitazame juani pamoja na mteja, kisha aisaini hiyo ya karatasi badala ya kukubali ya kwenye kioo.

Kwa mwenye mtaji mdogo, monita ya mtumba ya IPS iliyotoka ofisini Ulaya mara nyingi huishinda TN mpya ya bei hiyo hiyo. Tangu Januari 1, 2025, marekebisho ya Mkataba wa Basel yanataka nchi inayopokea taka za kielektroniki za aina yoyote itoe ridhaa kwanza. Vifaa vinavyofanya kazi si taka, lakini mwagizaji atalazimika kuthibitisha kwamba vinafanya kazi, na yule anayeleta kontena lenye mchanganyiko wa vizima na vibovu atabanwa.

Ukienda kununua mtumba, beba kwenye flashi picha tano za rangi moja moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu. Nyeupe itakuonyesha kama taa imegeuka manjano na nyeusi itakuonyesha mwanga unaovuja pembeni. Nukta zilizokufa zitajionyesha kwenye hizo nyingine.

Halafu weka picha ya mtu, chuchumaa, uitazame kutoka chini. Uso ukigeuka mweusi kama negativu ya zamani, hiyo ni TN, hata kama muuzaji ameapa.

Mwisho angalia matundu ya nyuma. PlayStation 4 inatoa picha kwa HDMI peke yake, wakati monita nyingi za ofisini za zamani zina VGA na DVI. Nyingi pia hazina spika, kwa hiyo ongeza gharama ya kibadilishio na ya spika kwenye bei uliyoambiwa kabla ya kuilinganisha na ya duka la jirani.